Mvuvi wa Igombe hulisoma ziwa kwa kutazama nchi kavu

Ijumaa alasiri, kwenye saa kumi hivi, ukimuuliza nahodha mmoja wa mwalo wa Igombe, kwenye Ziwa Viktoria, kama kesho ziwa litakubali watu, hatazami ziwani. Huinuka kwenye jiwe alilokalia, akaligeuzia ziwa mgongo na kukaza macho upande wa Magu, juu ya vilima vya mawe. Hutazama kimya mpaka unadhani swali lako limempita. Kisha huketi tena, akachukua ndoano aliyokuwa akiinoa na kujibu: "Mtoke alfajiri, si usiku." Au: "Kesho laleni."

Nilishuka Igombe kuuliza habari za bei ya sangara. Bei niliipata, lakini kilichonikaa kichwani ni mgongo ule. Mtu aliyezeeka juu ya maji, anayejua kila mwamba kuanzia hapo hadi visiwa vya Ukerewe, kwa nini akitaka kujua habari za maji aulize milima?

Nahodha aliomba jina lake lisiandikwe, kwa sababu baadhi ya maneno yake yanawagusa matajiri wa boti anaokula nao sahani moja. Vijana wa mwaloni humwita Babu, nami nitamwita hivyo.

Mwisho wa wiki Igombe hupata wageni wa namna yake. Walimu, mafundi simu, makarani na vijana wa bodaboda hushuka kutoka mjini na mishipi yao kutafuta sato kwenye mawe. Wachache huchanga pesa ya mafuta ili wapelekwe kwenye kina, wajaribu bahati na sangara, samaki anayeweza kufikia mita 2 na kilo 200, ingawa wa ukubwa huo siku hizi ni wa kusimuliwa tu. Wageni hawa ndio wenye kuuliza hali ya kesho. Wavuvi wenyewe hawaulizi. Wanamtazama Babu anatazama wapi.

"Usiku ziwa halina akili yake," aliniambia. "Linafanya kile nchi kavu ilichofanya mchana. Magu wakilowa saa tisa, mimi saa tano usiku sitoki. Mvua ile haijaisha, mwanangu. Imeshuka tu, na usiku itarudi kwa mlango mwingine."

Nikamwomba anieleze anachokitafuta huko milimani. Kwanza ni wingu, na si kila wingu. Analitaka lile linalopanda wima kama moshi wa tanuri la matofali, kichwa chake kikatandaa, tumbo likawa jeusi. Wingu likipanda na kusambaa bila kumwaga, halimtishi. Likimwaga, anataka kujua limemwaga wapi na kwa muda gani. Siku hizi hupiga simu kwa shemeji yake huko Magu kuuliza kama ua limelowa. Kisha huusikilizia upepo. Mchana wa kawaida upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na nyavu zilizoanikwa hupepea kuelekea vilimani. Ukikata mapema, jua bado liko juu, ni dalili. Ya mwisho huja baada ya magharibi. Babu husimama ukingoni, ziwa bado likiwa nyuma yake, akafungua vifungo viwili vya shati. Kama ubaridi unaotoka nchi kavu unampiga kifuani kwa nguvu na mapema, huwaambia vijana wafunge boti.

Wanasayansi wameufikia ukweli huo kwa njia ndefu zaidi. Ziwa Viktoria ni pana, kilomita za mraba zipatazo 68,800, na maji yake hayapoi haraka. Usiku nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake. Hewa nzito yenye ubaridi huteremka kutoka pande zote kuelekea majini, hukutana katikati, na kwa kuwa haina pa kwenda hupanda juu pamoja na mvuke wa ziwa. Hapo ndipo ngurumo huzaliwa, na ndiyo maana dhoruba kali za ziwa hili hupiga kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi, wakati huku nchi kavu mvua hupenda alasiri.

Mwaka 2016 Wim Thiery na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Nature Communications, wakitumia picha za satelaiti na mifano ya kompyuta. Walikuta kwamba mvua iliyonyesha nchi kavu mchana ina mkono mkubwa katika dhoruba kali za ziwani usiku unaofuata. Mvua hupoza ardhi, ardhi iliyopoa husukuma upepo kwa nguvu kuelekea ziwani, na upepo huo ndio unaolisha dhoruba. Walipima hata mgawanyo wake: asilimia 74 ya athari hiyo inatokana na pepo zinazokutana juu ya ziwa, na asilimia 26 na unyevu unaoongezeka hewani.

Nilimsimulia Babu jambo hilo. Hakushangaa, wala hakujigamba. Aliuliza swali moja tu: "Walituma mtu kuwaambia vijana wa makambini?"

Swali hilo lina uzito wake. Kadirio linalotajwa mara kwa mara ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hili la nchi tatu, wengi wao wavuvi. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na makaburi ya wahanga wake kule Igoma yanatukumbusha kila tupitapo. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, taifa zima likalia. Lakini wavuvi huondoka wawili, watatu. Boti haionekani asubuhi, watu wanazunguka na injini mpaka mafuta yanaisha, matanga yanawekwa nyumbani kwa marehemu, na baada ya hapo mwalo unarudi kazini. Hakuna orodha ya majina yao inayosomwa popote.

Wageni wa mjini hudhani wavuvi hukesha ziwani kwa sababu sangara huvuliwa usiku. Babu alinisahihishia dhana hiyo kwa vitendo. Alivuta sanduku la mbao lenye mshipi mrefu uliokunjwa duara juu ya duara, ndoano zake zimechomekwa ukingoni moja baada ya nyingine, zote zimeelekeza ncha upande mmoja ili zitoke bila kushikana. Pembeni lilikuwapo dumu lililokatwa mdomo, ndani yake kambale wadogo wakijipindapinda. Hao ndio chambo. Ndoano hupitishwa juu ya mgongo, chini ya ngozi tu, bila kugusa uti, ili kambale aendelee kuogelea. "Sangara hali maiti," alisema. "Anataka kinachokimbia."

Mshipi hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri. Kati ya saa hizo mbili mvuvi hana kazi majini. Angeweza kurudi, akala ugali wake, akalala kwenye godoro. "Wezi ndio wanaotulaza ziwani," alisema Babu. "Ukiacha mtego ukarudi nyumbani, asubuhi unakuta maboya hayapo, kamba haipo, ndoano hazipo. Na vifaa si vyako, ni vya tajiri. Kwa hiyo unatia nanga hapo hapo, unajifunika turubai. Dhoruba inakukuta umelala unalinda kamba."

Kinachomweka mvuvi katikati ya ziwa saa tisa usiku, saa ambayo Babu anaiogopa kuliko zote, ni ulinzi wa mtego. Samaki wangengoja. Tunazungumza sana juu ya jaketi okozi, na ni haki tuzungumze, lakini wizi wa zana tumeuacha uwe ugomvi wa wavuvi wao kwa wao, kana kwamba hauhusiani na vifo.

Kuhusu mahali pa kumpata sangara, Babu anazungumza kwa pima. Hunyoosha mikono yote miwili, akaipitisha kamba kutoka ncha ya vidole vya kushoto hadi vya kulia, akahesabu kwa sauti ya chini. Miezi ya joto isiyo na upepo mkali, Januari hadi Machi, hafiki chini kabisa. "Huko chini maji yamelala. Samaki hakai kwenye chumba kisicho na dirisha." Wataalamu husema vivyo hivyo: maji ya juu yakipata joto hujitenga na ya chini, na hewa ya oksijeni huisha kule kwenye kina. Sangara hawezi kuvumilia ukosefu wa hewa hiyo, tofauti na kambale au kamongo. Kuanzia Juni pepo za kusini hulikoroga ziwa, maji yakachanganyika, na Babu huongeza pima.

Lakini ukorogaji huo una hatari yake. Upepo ukivuma ghafla kwa nguvu unaweza kuyapandisha maji mfu ya chini, na sangara wakubwa wakaelea wamekufa. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 wenzetu wa Uganda waliona sangara wengi wakielea hivyo, na uvumi wa sumu ukatangulia maelezo. Babu amewahi kuyaona mambo hayo Igombe kwa kiasi kidogo. Anasema siku hiyo maji hunuka matope ya zamani, na mvuvi mwenye akili hategi.

Mwezi nao una sheria zake. Mbalamwezi ikijaa, boti za dagaa hutulia kwa sababu taa zao hazishindi mwanga wa angani, na soko la samaki la Mwaloni Kirumba hupata upungufu wa mzigo. Wavuvi wa ndoano hawalazimiki kulala, lakini Babu hupenda zaidi siku za giza. Mgeni wa Jumamosi, Babu humshauri aje wakati wa mbalamwezi, si kwa ajili ya samaki bali aone wingu linalokuja.

Wala utabiri haukosekani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za ziwa, na kati ya 2017 na 2021 mradi wa HIGHWAY, uliosimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na mamlaka za Afrika Mashariki, ulijitahidi kuzifikisha tahadhari kwa wavuvi kwa lugha inayoeleweka. Babu anauheshimu utabiri. Husikiliza redio, husoma ujumbe kwenye simu, kisha hugeukia Magu. Utabiri humpa siku, anasema, na milima humpa saa.

Tatizo liko kwenye hesabu. Boti ikirudi, mafuta hutolewa kwanza, na barafu, na chambo, ndipo kinachobaki kigawanywe kati ya tajiri na wafanyakazi. Baadhi ya matajiri wenyewe wamekopa nyavu na injini kwa mawakala, nao hulipa kwa samaki. Boti ikilala, deni halilali. Babu anaweza kusema "laleni" kwa sababu ya mvi zake. Kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita kutoka Sengerema, mwenye mke mjamzito na deni dukani, atasema nini? "Nimewahi kumwambia mtoto asitoke," alisema Babu. "Akaniambia, Babu, wewe ukilala unalala mzee, mimi nikilala nafukuzwa. Sikuwa na jibu."

Utafiti ule ule wa Thiery unaonya kwamba dunia ikiendelea kuchafua hewa kwa kasi kubwa, mvua kali juu ya ziwa zitaongezeka karibu mara mbili ya ongezeko la nchi kavu iliyolizunguka. Nilimwuliza Babu kama ishara zake zimewahi kumdanganya. Alikiri. Upo usiku ambao Magu ilikuwa kavu kabisa, shemeji akathibitisha, na dhoruba ikaja. Siku hizi, alisema, usiku wa namna hiyo anauona zaidi kuliko ujanani. Je, ni ziwa lenyewe linaloongeza mvuke na kujitengenezea dhoruba bila kungoja milima? Au ni uzee unaohesabu hofu mara mbili? Hakuwa na hakika, na sikuona sababu ya kumsukuma achague.

Ninachokiamini mimi ni kwamba elimu ipo, ya mzee na ya satelaiti, na zote mbili zinasema jambo moja. Kinachokosekana ni makubaliano. Mialo mingi ina kikundi cha ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, chenye mwenyekiti, daftari na muhuri. Katika daftari hilo inaweza kuandikwa kwamba siku iliyotangazwa mbaya haihesabiwi kuwa utoro, na kwamba mitego iliyoachwa majini usiku huo italindwa kwa zamu ya alfajiri na wote, si na kijana mmoja chini ya turubai.

Nilimpelekea wazo hilo tajiri mmoja mwenye boti kadhaa hapo Igombe. Alinisikiliza vizuri, akasema ni jambo jema, kisha akauliza: "Na mimi nikikubali peke yangu, boti za jirani zikatoka, wakala atamngoja nani?" Swali lake ni la haki, na linapaswa kujibiwa na matajiri wote kwa pamoja, kabla mvua za vuli hazijaanza kumwaga Magu.