Gari lisilo na themostati limeshachemsha

Swali limekuja tena. Safari hii mwulizaji ni kijana aliyepata kazi Magadi na anatafuta gari lake la kwanza: "Fundi, nimepata Vitz safi hapa Kitengela. Mwenyewe anasema themostati alishaitoa ili isisumbue kwenye joto la huko chini. Hiyo si ni afadhali?" Kabla yake aliuliza muuguzi wa Isinya, na gari lake lilikuwa Probox. Maneno yalikuwa yale yale, hata hilo "si ni afadhali".

Si afadhali. Gari dogo lililotolewa themostati ni gari lililowahi kuchemsha, na mwenyewe hakutaka, au hakuweza, kutafuta sababu. Kwa mtu mwenye laki nne ambaye hana laki nyingine ya kufungulia injini, hilo linatosha kumrudishia muuzaji ufunguo na kwenda kutazama gari jingine. Ningeishia hapa, ila najua fundi wa chini ya mti mnamwamini kuliko mimi. Basi tuzichukue hoja zake.

Ya kwanza husema themostati iliwekwa kwa ajili ya baridi ya Japani, na sisi hatuna theluji. Anayesema hivyo hajasikia habari za Tokyo mwezi wa Agosti, ambako nyuzi 35 si habari ya kutangazwa. Kama una ndugu Maskati, mpigie simu umwulize: huko kiangazi hupita nyuzi 40, na magari yanatembea na themostati zake kama yalivyotoka kiwandani. Kifaa chenyewe hakijui hali ya hewa ya nje. Ndani yake kuna kidonge cha nta kilichozama kwenye maji ya injini. Maji yakifika nyuzi 82 hivi, kulingana na injini, nta huyeyuka, hutanuka na kusukuma vali, na maji huanza kupita kwenye rejeta. Yakipoa, springi huirudisha vali mahali pake. Maana yake ni kwamba siku Magadi inapowaka na injini yako imeshika moto, vali imekwisha kufunguka. Anayeitoa ili "maji yapite" anang'oa mlango ulio wazi.

Ya pili ina ujanja zaidi: hata kama iko wazi, bila hiyo maji yatapita mengi, injini itapoa zaidi. Hapa ndipo mtu anapojua nusu ya kazi. Themostati ya injini za NZ, zilizomo ndani ya Probox nyingi, Corolla za NZE na baadhi ya Vitz, ina vali mbili. Moja hufungua njia ya kwenda rejeta. Nyingine, kwa mwendo ule ule, huziba njia ya mkato ambayo maji hutumia kuzunguka ndani ya injini ikiwa bado baridi. Ukikitoa kifaa hicho, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Kwenye tambarare ya Namanga Road hutagundua lolote, kwa sababu injini haifanyi kazi kubwa. Mlimani utagundua. Vitabu vya ufundi vya Toyota vimeandika onyo hili kwa lugha nyepesi kabisa: hata injini ikiwa na tabia ya kuchemsha, usitoe themostati, kwa kuwa upoozaji utapungua. Waliounda injini wamesema, na bado napata ujumbe wa "lakini fundi wangu ana uzoefu wa miaka mingi".

Ya tatu ndiyo inayowafunga watu midomo: "Niliitoa, na gari likaacha kuchemsha." Nakubali. Pengine themostati ilikuwa imekwama ikiwa imefungwa, na hapo kuitoa ili ufike nyumbani ni akili nzuri. Kesho yake unanunua mpya, ambayo bei yake haifiki ya kujaza tangi la Vitz. Au rejeta imeziba nusu, pampu ya maji imechoka, ama gasketi ya hedi imeanza kupitisha moshi, na kuitoa themostati kumechelewesha dalili kidogo. Kidogo hicho kinatosha kwa muuzaji. Anahitaji gari lisichemshe kuanzia yadi hadi kituo cha petroli na kurudi, dakika 15 za majaribio, pesa zishikwe mkononi.

Barabara ya Magadi haijaribu gari kwa dakika 15. Kutoka Kona Baridi, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, unateremka kupitia Olepolos na Olorgesailie hadi ziwani, kwenye mita 600 hivi. Watu huogopa kule chini kwa sababu joto linakaribia 40. Mimi naogopa kurudi. Hewa ya nyuzi 38 bado ni baridi sana ikilinganishwa na maji ya nyuzi 95 yaliyo ndani ya rejeta. Feni nzima na rejeta safi hazishindwi nayo. Kinachoua injini ni kupanda mita 1,400 ukiwa na abiria wanne, mizigo, gia ndogo na mwendo wa polepole usioleta upepo wa kutosha mbele ya gari.

Kisha kuna jambo ambalo fundi wa chini ya mti hasemi kamwe: kadiri unavyopanda, ndivyo maji yanavyochemka mapema. Pale Magadi maji matupu huchemka kwenye nyuzi 98. Kitengela ni 95. Kona Baridi ni 93 tu, karibu sawa na joto ambalo injini nzima hufanyia kazi. Gari linaokolewa na kifuniko cha rejeta. Kimeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake, na shinikizo kinaloshikilia huliinua joto la kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110 hata ukiwa kileleni. Mpira wake ukipasuka, gari lile lile lililoonekana zima Kitengela litatoa mvuke kabla hujaiona mitambo ya upepo ya Ngong. Nimeona watu wamenunua rejeta nzima kwa kosa la kifuniko.

Na maji yenyewe. Kajiado tunakunywa maji ya visima, na kila mwenye birika Kitengela anayajua magaga meupe yanayoganda ndani yake. Magaga hayo huganda pia kwenye mirija ya rejeta, ambayo ni myembamba kuliko mdomo wa birika. Ukishuka Magadi mambo yanazidi, kwa kuwa ardhi yote ni magadi kweli kweli, na maji yenye magadi hula alumini. Injini ya NZ ina bloku na hedi za alumini, na rejeta nyingi za siku hizi ni za alumini pia. Jaza kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, basi. Fundua kifuniko injini ikiwa imepoa: ukikuta maji ya rangi ya kutu au ukingo mweupe, unajua gari limelelewa vipi. Na tafadhali, habari za yai bichi na unga wa kuziba rejeta inayovuja msiniletee tena. Unga hauchagui tundu la kuziba.

Hata lisipochemsha, gari lisilo na themostati linakula pesa kimyakimya. Injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani asubuhi haijaisha, inaendelea kumimina petroli ya ziada, na sehemu ya petroli hiyo inashuka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Mwenye gari analalamika kwamba "Vitz za siku hizi zinakunywa". Magari ya kabureta ya wazee wetu hayakuwa na kompyuta ya kudanganywa. Labda huko ndiko ushauri huu ulikotoka, na ulipaswa kustaafu pamoja nayo.

Kulitambua gari la namna hii hakuhitaji mashine. Mwambie muuzaji unakuja alfajiri na asiliwashe kabla hujafika. Shika boneti, ikiwa na joto, amekuwahi. Washa, kisha weka mkono kwenye bomba la chini la rejeta, mbali na feni na mikanda. Kwa dakika kadhaa linapaswa kubaki baridi wakati injini inapata joto, halafu ghafla likapamba moto: hiyo ni vali ikifunguka. Likianza kuwa vuguvugu tangu mwanzo, polepole, hakuna themostati au imekwama wazi. Vitz nyingi hazina sindano ya joto, zina taa ya bluu inayozimika injini ikipata moto. Taa hiyo ikichelewa mno kuzimika, au ikirudi kuwaka unaposhuka mteremko, jibu unalo. Tazama na feni. Inayozunguka saa ile unapowasha, injini ikiwa baridi na AC imezimwa, imeunganishwa moja kwa moja na mtu aliyekata tamaa. Feni hiyo na themostati iliyotolewa husafiri pamoja. Fungua kifuniko cha oili: utando wenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili kwamba maji huenda yameingia. Bomba la juu likiwa gumu kama mti dakika moja tu baada ya kuwasha, gasketi imepitisha moshi. Usibishane, ondoka.

Halafu lipeleke mlimani. Muuzaji wa Kitengela atakuzungusha hadi Isinya na kurudi, kataa. Jaza petroli wewe mwenyewe, pitia barabara ya Isinya hadi Kiserian, panda Kona Baridi, teremka hadi Olepolos, geuka, panda tena AC ikiwa imewashwa. Kileleni simama, liache liungurume dakika 10. Muuzaji asiyekubali safari hiyo amekwisha kukuambia alichokuja kuficha.

Mengine nayasema haraka, kwa kuwa mnayajua au mngepaswa kuyajua. Kilomita za kwenye dashibodi zinarudishwa nyuma kwa kompyuta ndogo. Ziangalie, kisha uangalie uchakavu wa pedali na usukani, uamini pedali. Herufi za namba husema gari lilisajiliwa Kenya lini, si lilitengenezwa lini: KDA zilianza 2020, na kwa sheria ya kutoagiza magari yaliyozidi miaka 8, gari la KDA linaweza kuwa la 2013. Kwa anayezunguka Kitengela na Athi River, Vitz ya 1.0 ya silinda tatu inatosha. Anayepanda Kona Baridi kila wiki achukue 1.3, au Probox au Corolla ya 1.5, zenye cheni badala ya mkanda wa kubadilisha na spea kila mahali. Demio ni nzuri ikiwa fundi wako anaijua. Injini za D4 za mwanzo, hasa za lita 2.0, ziachie wenye moyo na pesa, pamoja na Mjerumani yeyote anayeuzwa bei ya Vitz. Gari lililokaa Magadi inua mazulia na gurudumu la akiba, utafute kutu. Gari la Kitengela tikisa bushi na shokabu, udongo mweusi umeshazila. Tairi zina tarakimu nne ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Za zamani sana zihesabu kama za kubadilisha na uzipunguze kwenye bei. Beba fundi wako, si wa muuzaji, au lipeleke AA likakaguliwe. Rekodi za NTSA zitafute wewe kupitia eCitizen, na ukikuta jina la benki au mkopeshaji pembeni ya la muuzaji, deni halijaisha. Pesa zitoke wakati maombi ya kuhamisha umiliki yanapowekwa mbele yako. Na usitumie laki nne zote: elfu 60 au 80 zibaki za oili, breki, tairi na bima.

Wapo watakaosoma haya wakiwa wamekwisha kununua, na themostati haipo. Msiuze kwa hofu. Safisha rejeta, weka themostati ya kiwandani, kifuniko kipya chenye namba ile ile ya kilichokuwepo, na kulanti. Kisha umwombe fundi mwenye vifaa apime shinikizo la mfumo, na apime gesi kwenye mdomo wa rejeta kwa kile kimiminika cha bluu. Kikibaki bluu, endesha. Kikigeuka njano, moshi wa injini unaingia kwenye maji: tengeneza hedi kwanza, na hadi hapo kazini Magadi uende kwa matatu.