Mtoto Kuamka Usiku Si Ugonjwa: Wazazi Wazingatie Usalama wa Usingizi

Saa nane za usiku mtoto analia kwa mara ya tatu, na asubuhi ushauri unafika: mpe uji atashiba, au mlaze kifudifudi atatulia. Ushauri huo hutolewa kwa upendo, lakini una hatari.

Mtoto mchanga bado hatofautishi usiku na mchana. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama humeng'enywa haraka, hivyo huamka kila baada ya saa chache ili anyonye. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unaeleza kuwa mtoto wa hadi miezi 3 huhitaji saa 14 hadi 17 za usingizi kwa siku. Saa hizo huzipata kwa vipande.

Kuhusu uji, WHO inashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi 6 ya mwanzo. Chakula cha mapema huweza kumletea kuhara, ilhali kunyonyesha usiku husaidia maziwa yasipungue.

Kuhusu namna ya kumlaza, mtoto alazwe chali. Nchini Marekani, baada ya kampeni ya kuwalaza watoto chali kuanza mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Ni salama zaidi mtoto alale mahali pake, karibu na mama, ndani ya chandarua chenye dawa. Familia inayolala naye kitanda kimoja itumie godoro gumu na kuondoa mito na mablanketi mazito karibu naye. Mzazi aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyetumia dawa za kulevya usingizi asilale naye. Kulala naye kwenye kochi ni hatari zaidi.

Kadiri miezi inavyosonga, mtoto azoezwe mwanga na michezo mchana, giza na sauti ya chini usiku. Baba naye aamke kumbeba na kumbadilisha nepi, ili mama apumzike.

Hata hivyo, mtoto mwenye homa, anayekataa kunyonya, anayepumua kwa shida au aliyelegea apelekwe kituo cha afya usiku huohuo, bila kusubiri kupambazuke.