Mtaalamu wa Ustawi wa Jamii wa Kliniki Nchini Marekani: Anavyopatikana na Anavyotibu

Nchini Marekani, sehemu kubwa ya tiba ya mazungumzo kwa watu wenye sonona, wasiwasi uliopitiliza au kiwewe cha vita haitolewi na madaktari. Hutolewa na wataalamu wa ustawi wa jamii wa kliniki, ambao ni kundi kubwa kuliko mengine yote katika huduma ya afya ya akili ya nchi hiyo. Aliyezoea ofisi za Tanzania anaweza kushangaa. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anajulikana kwa mashauri ya matunzo ya watoto na migogoro ya ndoa, na yule wa hospitali kwa msamaha wa gharama za matibabu. Wa Marekani mwenye leseni ya kliniki ana kazi nyingine juu ya hizo. Anampima mgonjwa, anatambua ugonjwa kwa kufuata mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, anapanga tiba na kuitoa mwenyewe wiki baada ya wiki.

Kazi hii ilizaliwa hospitalini. Mwaka 1905 Dk. Richard Cabot wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, mjini Boston, alianza kuwaajiri watu wa kufuatilia maisha ya wagonjwa nje ya wodi, kwa sababu aliona dawa inashindwa pale mgonjwa anaporudi kwenye njaa na nyumba mbovu. Mwaka 1918 Chuo cha Smith, katika jimbo hilohilo, kikaanza kufundisha watu wa kuwahudumia askari walioathirika akili katika Vita Kuu ya Kwanza. Asili hiyo ingali inaonekana. Katika kikao kimoja mtaalamu huyu anaweza kuuliza juu ya majinamizi ya usiku, kisha akauliza kama kodi ya nyumba imelipwa na watoto wanalala wapi. Kwa mhamiaji, ambaye shida zake za akili na za maisha hazitengani, huenda hii ndiyo faida yake kubwa kuliko wataalamu wengine.

Leseni ndiyo inayomtenganisha na wahudumu wengine wa jamii, na ndiyo inayostahili kukaguliwa kabla ya jambo lolote. Hakuna leseni moja ya Marekani nzima. Kila jimbo lina bodi yake. Hata hivyo njia inafanana. Mtu husoma shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii, yenye saa zisizopungua 900 za mafunzo ya vitendo. Akihitimu, hutibu chini ya msimamizi kwa miaka kama miwili au zaidi. California na Texas hudai saa 3,000. Baada ya hapo hufanya mtihani wa kliniki, na akifaulu huruhusiwa kufanya kazi bila kusimamiwa na kuandika herufi za cheo chake baada ya jina.

Herufi hizo zina mtego. California, Texas na New York hutumia LCSW. Minnesota na Washington hutumia LICSW, Ohio LISW, Maryland LCSW-C. Massachusetts nako kuna LCSW, lakini kule ni cheo cha chini ambacho mwenye nacho bado husimamiwa anapotoa tiba. Leseni kamili ya kliniki katika jimbo hilo ni LICSW. Kwa hiyo watu wawili wenye herufi zilezile katika majimbo mawili wanaweza wasiwe sawa hata kidogo. Dawa ya mkanganyiko huu ni kufungua tovuti ya bodi ya jimbo na kuandika jina la mtaalamu. Itaonyesha aina ya leseni, kama bado ni hai, na kwa kawaida kama mwenyewe amewahi kuchukuliwa hatua za kinidhamu. Huduma hiyo ni ya bure. Anayejiita kocha wa maisha hatapatikana humo, kwa sababu kazi hiyo haihitaji leseni yoyote.

Mtaalamu aliye bado chini ya usimamizi si wa kukwepwa. Vituo vingi vya afya huwatumia, ada yao mara nyingi ni nafuu, na kila kesi yao hupitiwa na mzoefu. Anapaswa tu kusema wazi kwamba anasimamiwa, na ni nani anayemsimamia.

Yako mambo asiyoweza kuyafanya hata mwenye leseni kamili. Haandiki dawa. Mgonjwa anayehitaji vidonge huelekezwa kwa daktari wa magonjwa ya akili, muuguzi bingwa au daktari wake wa kawaida, na tiba mbili huenda pamoja. Jambo la pili huwagusa zaidi wazee. Fomu N-648, inayomwombea mwombaji wa uraia mwenye ulemavu au ugonjwa wa akili kuondolewa mtihani wa Kiingereza na uraia, husainiwa na daktari au mwanasaikolojia wa kliniki pekee. Saini ya mtaalamu wa ustawi wa jamii haikubaliki, na familia iliyoilipia imepoteza fedha. Anachoruhusiwa ni kuandika tathmini ya hali ya akili kwa ajili ya kesi ya hifadhi ya kisiasa. Wengi hufanya kazi hiyo, ingawa bima kwa kawaida haiilipii.

Kumtafuta huanza na aina ya malipo. Mwenye kadi ya bima hupiga namba iliyo nyuma yake na kuomba orodha ya wanaopokea bima hiyo karibu na anapoishi. Orodha hizi zina sifa mbaya, na inastahili: humo mna waliohama, waliostaafu na wasiopokea tena wagonjwa wapya. Ni busara kupigia majina kadhaa siku hiyohiyo. Mwenye kipato kidogo huuliza kwanza kama anastahili Medicaid, bima ya serikali ambayo masharti yake hutofautiana kwa kila jimbo. Asiye na bima kabisa ana vituo vya afya vya jamii vinavyofadhiliwa na serikali kuu. Vituo hivyo vinatakiwa kumhudumia kila mtu bila kujali uwezo wake wa kulipa, na hupanga ada kulingana na kipato. Namba ya simu 211 huelekeza watu kwenye huduma hizi katika sehemu kubwa ya nchi. Anayelipa mwenyewe ana haki, tangu Januari 2022, ya kupewa makadirio ya gharama kwa maandishi kabla tiba haijaanza.

Mkimbizi aliyefika karibuni hupitia shirika lililompokea, ambalo hujua kliniki zilizozoea waliotoka vitani. Mojawapo ya zenye umri mrefu ni Kituo cha Waathirika wa Mateso cha Minnesota, kilichoanzishwa mwaka 1985. Kuna pia tiba kwa njia ya video, inayowafaa walio mbali na miji, lakini mtaalamu lazima awe na leseni ya jimbo alipo mgonjwa wakati wa kikao. Anayehama kutoka Kentucky kwenda Iowa katikati ya tiba huenda akalazimika kutafuta mwingine.

Foleni ni ndefu, hasa kwa Medicaid. Jina likishaingia kwenye orodha ya kusubiri, daktari wa kawaida anaweza kuanza kumhudumia mgonjwa. Mwenye mawazo ya kujiua hasubiri foleni. Namba 988, iliyoanza kutumika nchi nzima Julai 2022, hupokelewa saa 24, na mpigaji anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Hatari ikiwa tayari mlangoni, namba ni 911.

Kikwazo kikubwa katika familia nyingi zinazozungumza Kiswahili si fedha wala foleni. Ni hofu kwamba mtu wa ustawi wa jamii ndiye anayechukua watoto. Hofu hiyo ina chanzo: idara za ulinzi wa watoto za majimbo huajiri watumishi wa taaluma hii, na wana uwezo wa kuomba mahakama imwondoe mtoto nyumbani. Mtaalamu wa kliniki si mtumishi wa idara hiyo, wala wa ofisi ya uhamiaji. Anayosikia hulindwa na sheria ya faragha ya afya ya mwaka 1996 pamoja na sheria za jimbo, na hata mume, mke au mchungaji haruhusiwi kuyajua bila ridhaa ya mgonjwa.

Siri hiyo ina mipaka, na ni afadhali ijulikane mapema kuliko kugunduliwa kwa uchungu. Katika kila jimbo mtaalamu hulazimika kutoa taarifa akishuku kwa sababu za msingi kwamba mtoto anatendewa ukatili. Kumchapa mtoto hadi kumwachia alama kunaweza kuingia humo, jambo ambalo wazazi waliolelewa kwa fimbo hawalitarajii. Mgonjwa akiwa katika hatari ya kujiua, hatua huchukuliwa kumlinda. Na tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya California wa mwaka 1976 katika kesi ya Tarasoff, majimbo mengi yamemruhusu au kumtaka mtaalamu kuchukua hatua pale mgonjwa anapotishia kumdhuru mtu anayetambulika. Mtaalamu mwadilifu hueleza haya yote kwenye kikao cha kwanza, kabla mgonjwa hajafungua moyo.

Lugha ni suala la sheria pia. Kituo kinachopokea fedha za serikali kuu, zikiwemo za Medicaid, kinatakiwa kutoa mkalimani bila malipo, na hakiruhusiwi kumtegemea mtoto mdogo kutafsiri isipokuwa katika dharura. Binti wa miaka 12 hana sababu ya kutafsiri jinsi mama yake alivyobakwa, na bado hali za namna hiyo hutokea pale familia isipojua haki yake. Inafaa kutaja ni Kiswahili cha wapi. Mkalimani wa Mombasa na mgonjwa wa Uvira wanaweza kupishana katika maneno madogo yenye uzito. Na pale jumuiya inapokuwa ndogo, kiasi kwamba mkalimani aliyepo anasali kanisa moja na mgonjwa, inaruhusiwa kuomba mkalimani wa simu kutoka jimbo jingine, bila hata kutajiwa jina la mgonjwa.

Tiba yenyewe huanza na tathmini: historia ya mgonjwa, usingizi, hamu ya kula, pombe, mahusiano, magonjwa ya mwili. Kisha huwekwa malengo yanayoweza kupimwa, na vikao vya dakika 45 hadi 60, kwa kawaida kimoja kwa wiki. Kwa kiwewe hutumika mara nyingi tiba ya kuchambua fikra, ambapo mgonjwa hujifunza kuzikamata imani kama ile ya kwamba yaliyompata ni kosa lake, na kuzihoji moja baada ya nyingine. Tiba hii haiwafai Wamarekani peke yao. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wanawake wa mashariki mwa Kongo walionusurika ukatili wa kingono. Wanawake 157 walipata tiba hiyo kwa vikundi, na 248 walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba, waliokuwa bado na dalili za kutosha za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9 katika kundi la kwanza na asilimia 42 katika la pili. Walioitoa walikuwa wasaidizi wa kijamii wa hukohuko, waliofunzwa na kusimamiwa.

Katika simu ya kwanza mgonjwa ana haki ya kuuliza kama mtaalamu amewahi kutibu tatizo la aina yake, anatumia tiba gani, anafanyaje kazi na mkalimani na anapokea bima gani. Anayejibu kwa kukwepa si chaguo zuri. Baada ya vikao vitatu au vinne mpango wa tiba unapaswa kueleweka, na usipoeleweka, kuomba mtaalamu mwingine ni jambo la kawaida ambalo kliniki haina sababu ya kulichukia. Malalamiko mazito, kama kutoa siri au kumtaka mgonjwa kimapenzi, hupelekwa kwenye bodi ya leseni ya jimbo. Bodi hiyo ina mamlaka ya kuisimamisha leseni au kuifuta.