Maji ya Makorongo na Maua ya Jangwani

Majira ya kuchipua yaingiapo kusini mwa California, baina ya mwisho wa Februari na Aprili, vikundi vya watembeaji huondoka mijini alfajiri na mapema, kila mtu na kofia yake pana na maji yake ya kutosha, wakaelekea jangwa la Anza-Borrego, mashariki ya San Diego, katika hifadhi ya jimbo yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,400. Na aghalabu huenda kwa haja mbili, kutazama maua ya tambarare na kupenya makorongoni, wakidhani kuwa mambo hayo mawili yamekutana mahali pamoja kwa nasibu tu. Dhana hiyo hatuna budi kuikanusha kwa adabu, maana maji yaliyochimba korongo ndiyo hayo hayo yanayoamsha maua.

Milima ya magharibi huyazuia mawingu yatokayo bahari ya Pasifiki, nalo bonde la Borrego hubakiwa na mvua ya milimita 150 hivi kwa mwaka. Mbegu hulala mchangani miaka na miaka, wala si kila manyunyu yawezayo kuzighilibu. Katika miaka ya 1940 mtaalamu wa Kiholanzi, Frits Went, aliyekuwa katika Taasisi ya Teknolojia ya California, aliutia maji udongo wa jangwa kwa njia mbalimbali: ulioloweshwa kwa chini, maji yakipanda taratibu, haukuota kitu, ilhali ulionyeshewa kutoka juu, kwa kadiri ya milimita 25, ulichipua. Ganda la mbegu lina dawa inayozuia kuota, na sharti dawa hiyo ioshwe ichukuliwe na maji. Tena, udongo ule ule ukinyeshewa wakati wa baridi hutoa maua ya machipuko, na wakati wa joto hutoa mimea mingine kabisa.

Mvua kubwa iangukapo mlimani haipati udongo wa kuinywa. Hushuka juu ya mwamba mtupu, ikakusanyika, na kwa muda mfupi korongo lililokuwa kavu hububujika tope, magogo na majabali. Mwaka 2004 mafuriko ya namna hiyo yalipita katika korongo la Borrego Palm na kuing'oa mitende mingi ya asili, yenye majani mapana kama ya mikoma yetu. Aonaye uharibifu huo hulaumu maji. Lakini uko mti mmoja wa miiba, wenye rangi ya kijivu hata kwa mbali hufanana na moshi, ambao mbegu zake zina ganda gumu mno, nazo haziwezi kuota mpaka zisukumwe na kusagwasagwa na kokoto za mkondo. Ndiyo sababu miche yake haionekani chini ya mama yake, bali makumi ya mita kwenye mteremko: karibu mno ganda halijachubuka, mbali mno mbegu imekwisha pondwa.

Mtembeaji asikose kupiga magoti. Pembeni mwa njia, katikati ya changarawe, huenda akakuta mmea usiozidi urefu wa kidole, wenye majani mawili matatu na ua moja dogo kama ukucha. Umepata maji kidogo, basi umejinyima kimo usijinyime mbegu. Maua meupe ya mchangani hufunguka jioni kuwapokea nondo wakubwa, ambao watoto wao, viwavi wanene, huvuka barabara kwa wingi katika miaka ya neema, kama ilivyokuwa 2017, na mwewe wahamao hukatiza safari yao kuwala.

Adui wa maua hayo ni haradali ya Sahara, iliyotoka Afrika ya Kaskazini na nchi za Mashariki ya Kati, na yadhaniwa kuwa iliingia pamoja na michipukizi ya mitende iliyopelekwa California kwa kilimo cha tende. Huota mapema, ikatanda na kuwanyang'anya wenyeji maji na nuru. Mmea mmoja huweza kuzaa maelfu ya mbegu. Dawa yake ni kung'olewa kwa mkono kabla maganda hayajakomaa, kazi ambayo watu wa kujitolea huifanya kila mwaka wa mvua. Na kwa kuwa mbegu yake ikilowa huwa na utelezi wa kunata, viatu na magurudumu hukaguliwa na kusafishwa kabla ya kuondoka.