Bajaji ya umeme ikiishiwa chaji, mwenzako anaweza kukugawia?

Jumamosi moja jioni nilikuwa nyuma ya bajaji ya umeme, Barabara ya Lumumba, upande wa Mnazi Mmoja. Miguuni nilikuwa na furushi la vitenge kutoka Kariakoo. Foleni ilikuwa ile ya mwisho wa mwezi, unasogea hatua mbili unasimama. Dereva akatazama kioo chake: asilimia 4. Alitakiwa kunifikisha Buguruni, kama kilomita 5 hivi, na huko ndiko anakochajia. Akaegesha kijiweni.

"Mwanangu, una ngapi?" akamuuliza mwenzake.

"Sitini."

"Nigawie kidogo basi, nifike Buguruni."

Fundi mmoja pale kijiweni akaja na waya za kubusti gari, zile nyekundu na nyeusi zenye vibanio. Kwake mambo yalikuwa mepesi: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, dakika kumi umepona. Dereva wangu akanigeukia. "Dada, si umesema unasoma mambo ya betri chuo? Inawezekana hii?"

Nikajibu kwamba kugawiana umeme kunawezekana, ila kwa waya zile hapana. Wakacheka, wakaona ni majibu ya wasomi. Kweli lilikuwa jibu fupi mno, na swali lao lilistahili zaidi. Kwa dereva wa bajaji, kuzimika njiani jioni ni kukosa safari mbili tatu za mwisho, na mara nyingi hizo ndizo zinazokamilisha hesabu ya bosi. Basi jibu kamili ni hili.

Kwanza tujue tunagawana nini

Ukinunua LUKU unanunua uniti. Uniti moja ni nishati inayotumiwa na kifaa cha kilowati 1 kikiwaka kwa saa moja. Betri ya bajaji ya umeme nayo ni ghala la uniti hizo hizo. Tuchukulie mfano wa betri ya uniti 7, kwenye bajaji inayotumia uniti 7 kwa kilomita 100. Hizo ni namba za kawaida kwa chombo cha aina hii, na zinarahisisha hesabu: asilimia 1 ni kama kilomita 1.

Kwa hiyo asilimia 4 za dereva wangu zilikuwa uniti 0.28, yaani kilomita 4, na safari ilikuwa kilomita 5. Hakuhitaji kujaza betri. Alihitaji kidogo tu cha kumfikisha, na kidogo kingine cha akiba. Tuseme uniti 0.35.

Sasa linganisha na petroli. Bajaji ya petroli ikikauka, mwenzako anachomeka mpira kwenye tangi lake, ananyonya, anakujazia lita moja kwenye chupa. Chini ya dakika umeondoka. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti 9. Ni kweli injini inapoteza nyingi kama joto, robo tu au pungufu ndiyo inayofika kwenye matairi. Hata hivyo, kupitisha uniti 2 kwenye waya wa kilowati 1 ni kazi ya saa mbili nzima. Hapa ndipo ugumu wa kugawana umeme unapoanzia: umeme unao, ila mlango wa kuupitisha ni mwembamba.

Mbona gari la kawaida tunabusti kwa dakika moja?

Kwa sababu kubusti si kujaza. Gari la petroli likikataa kuwaka, linachohitaji ni nguvu ya kuzungusha stata kwa sekunde chache. Stata ya kilowati 1.5 ikizunguka sekunde tatu inatumia kama uniti 0.001. Baada ya hapo injini inaendelea na petroli yake yenyewe. Uliyembusti umempa kiberiti tu, kuni anazo.

Bajaji ya umeme iliyokauka haina kuni. Ukitaka itembee kilomita 5, lazima umpe kuni zote za kilomita 5. Hizo ni mara zaidi ya mia mbili ya ulichotoa kwa kubusti.

(Magari mengi ya umeme yana pia betri ndogo ya volti 12 kwa ajili ya taa na kompyuta. Hiyo unaweza kuibusti kama kawaida na gari "likaamka", lakini betri kubwa inayosukuma matairi itabaki vilevile.)

Simtank mbili na bomba moja

Turudi kwa fundi wetu na vibanio vyake. Fikiria simtank mbili zimekaa sakafu moja, moja ina maji mengi na nyingine machache. Ukiziunganisha kwa bomba chini, maji yanakimbia kutoka penye kina kirefu kwenda penye kina kifupi, mpaka vilingane. Kwenye betri, kina cha maji ndiyo volti, na upana wa bomba ni kinyume cha ukinzani: bomba likiwa pana, ukinzani ni mdogo.

Tuweke namba. Betri yenye asilimia 60 iwe na volti 53, na ile ya asilimia 4 iwe na volti 49. Tofauti ni volti 4, inaonekana ndogo. Ila betri za kazi hii zimetengenezwa ziwe na ukinzani mdogo sana, na waya za kubusti ni nene. Jumla ya ukinzani, tuseme, ni omu 0.02. Gawa 4 kwa 0.02: unapata ampea 200. Plagi ya nyumbani kwako ina fyuzi ya ampea 13. Yaani kwa sekunde za kwanza unapitisha mkondo mara 15 ya ule unaokata fyuzi, na hapo katikati hakuna fyuzi yoyote. Joto linalotoka ni karibu wati 800, kama pasi, na sehemu yake inajikusanya pale kibanio kinaposhika vibaya. Cheche zinaanzia hapo.

Hiyo ni kama betri zinafanana. Mitaani kuna vyombo vya volti 48, vya 60 na vya 72, na kwa nje huwezi kuvitofautisha. Ukiunga ya 72 na ya 48, tofauti ni volti 24, na kwa hesabu ileile mkondo unapita ampea 1000. Kompyuta ndogo inayolinda betri huenda ikakata kabla ya mabaya, ikiwa ipo, ikiwa nzima, na ikiwa fundi hajaunga moja kwa moja kwenye seli na kuiruka.

Cha kuchekesha ni kwamba hata ikipona, njia hii haifikishi mbali. Betri nyingi za bajaji ni za lithiamu yenye chuma na fosfeti. Volti za aina hii hazibadiliki sana katikati: asilimia 30 na asilimia 60 zinakaribiana mno. Kwa hiyo betri kavu ikionja chaji kidogo, volti zake zinapanda haraka, "kina" kinakaribia kulingana, na mkondo unakufa. Tofauti ikibaki volti 0.2, zinapita ampea 10 tu. Umeanza na radi, umemaliza na matone.

Na hii ni Kariakoo, maduka yamebanana, nguo zimetundikwa mpaka barabarani. Watu wa hapa hawahitaji kukumbushwa moto ni nini. Julai 2021 waliona Soko Kuu likiungua. Moto wa betri ya lithiamu hauzimwi kwa ndoo mbili za maji, kwa sababu seli moja ikipata joto kupita kiasi inaichoma jirani yake.

Kinachokosekana ni pampu

Ukitaka kuhamisha maji kutoka simtank moja kwenda nyingine kwa kiasi unachotaka wewe, unaweka pampu yenye koki. Kwenye umeme, pampu hiyo ni konveta: kifaa kinachopokea volti za betri moja na kutoa volti zinazofaa kwa nyingine, huku kikidhibiti mkondo. Tofauti ya 48 na 72 haikisumbui. Kuna njia mbili kuu.

Ya kwanza ni kupitia umeme wa nyumbani. Betri zinatoa mkondo mnyoofu. Inveta ya mtoaji inaugeuza kuwa mkondo geu wa volti 220 au 230, kama wa TANESCO, kisha chaja ya mpokeaji inaurudisha kuwa mnyoofu. Magari kadhaa yanauzwa tayari yakiwa na inveta hiyo ndani: Hyundai Ioniq 5, iliyotoka 2021, inatoa hadi kilowati 3.6, inayotosha kuchaji gari jingine polepole. Ubaya ni kugeuza mara mbili. Kila hatua ikifikisha asilimia 90, zote mbili zinafikisha 81. Moja ya tano ya umeme inaondoka kama joto.

Ya pili ni kutoka mnyoofu kwenda mnyoofu moja kwa moja, kupitia konveta iliyo kati ya magari. Hasara ni ndogo, ila magari lazima yazungumze lugha moja ya chaji na yakubali kutoa, siyo kupokea tu. Nissan Leaf za mtumba kutoka Japani ni mfano mzuri. Nairobi ziliendeshwa kama teksi na NopeaRide tangu 2018. Soketi yao ya chaji ya haraka inaruhusu umeme kwenda pande zote mbili. Wajapani walianza kuuza kifaa cha kulishia nyumba kwa Leaf mwaka 2012, baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011. Leaf za mwanzo zilikuwa na betri ya uniti 24, zaidi ya betri tatu za bajaji yetu ya mfano.

Wapo waliofikiria mbali zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walipendekeza magari yagawiane umeme yakiwa barabarani, kompyuta ikipanga nani ampe nani na wapi. Kwa sasa hilo ni wazo la kwenye modeli. Kwetu tuanze na gari lililosimama.

Hesabu ya kijiweni

Tuseme madereva wale wangekuwa na inveta ndogo. Mpokeaji anahitaji uniti 0.35 kwa chaja ya kilowati 1: dakika 21. Kwa sababu ya hasara, mtoaji anatoa uniti 0.43. Kwa bei ya umeme wa nyumbani, takriban shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni kama shilingi 150. Unasema, kumbe bei ya andazi!

Lakini muulize mtoaji. Uniti 0.43 kwake ni kilomita 6 za kubeba abiria, na dakika 21 ni muda aliosimama saa ambayo Kariakoo inamwaga watu. Alichotoa kina thamani ya safari nzima, maelfu ya shilingi. Ndiyo maana ukimlipa bei ya LUKU leo, kesho ukimwomba atakwambia naye ana asilimia 5. Ugawanaji wa umeme utadumu kijiweni siku bei yake itakapohesabu muda na safari, siyo uniti peke yake.

Hili ndilo tatizo ambalo vituo vya kubadilisha betri vinalikwepa. Ampersand walianza na pikipiki za umeme Kigali mwaka 2019: dereva anaacha betri kavu, anachukua iliyojaa, anaondoka baada ya dakika chache. Ukiangalia vizuri, huo nao ni ugawanaji. Betri zote ni za kundi, na anayemgawia mwenzake ni kituo, ambacho hakina abiria wa kukosa. Masharti yake ni kwamba betri zifanane, ziwe za kampuni na siyo za dereva, na ziwepo nyingi kuliko vyombo vilivyo barabarani. Betri ya bajaji ni nzito kuliko ya pikipiki, ila kanuni ni ileile.

Walichofanya wale wawili

Wenyewe walikuwa tayari na njia ya kienyeji: mmoja kuwa nyuma, mguu kwenye bajaji ya mbele, anasukuma. Msicheke. Umeme wa betri ya nyuma unakuwa mwendo, mwendo unapita mguuni kwenda bajaji ya mbele, bila chaja na bila inveta. Kwa ufanisi wa nishati unashindana vizuri na waya. Kwa usalama kwenye foleni ya Uhuru, hapana, mguu ni mmoja.

Nikawauliza: bajaji hii inabeba nini? Bajaji yenyewe kama kilo 400, dereva 70, mimi na vitenge vyangu karibu 100. Kwenye foleni, kila ukisimama na kuondoka unalipia uzito wote upya. Ukiondoa kilo 100 kati ya 570 na kuendesha taratibu, kilomita 4 zinasogea karibu na 5.

Basi nikahama na furushi langu kwenda bajaji ya asilimia 60. Nauli wakagawana nusu kwa nusu, bila ubishi. Dereva wangu akatangulia mtupu, mwendo wa kobe. Tulimkuta Buguruni amechomeka waya ukutani, kioo kikiwa kimefika sifuri mita chache kabla ya geti.

Fundi alirudisha waya zake begani. Aliniuliza konveta inauzwa bei gani, nikamwambia atafute kwanza ya kudhibiti mkondo, yenye fyuzi pande zote mbili. Swali lake ndilo lililonifurahisha siku ile. Akiipata, kijiwe cha Lumumba kitakuwa na pampu yake.