Muuguzi wa Chula Alipwe kwa Vichwa au kwa Mwezi?

Mtoto akishikwa na homa usiku kisiwani Chula, mama haulizi daktari hulipwaje. Anauliza kama chombo kipo, kama mafuta yatatosha, kama bahari inapitika. Kusi likishavuma, hata nahodha mzoefu husita. Lakini namna ya malipo ndiyo inayoamua kama kisiwani atakuwapo mtu wa kumpima mtoto huyo, au lazima apakiwe mashuani hadi Kismayu.

Tabibu wa karibu, yule anayekujua wewe na jamaa zako, hulipwa kwa njia kuu tatu. Kuna mshahara wa mwezi, kuna malipo kwa kila huduma, na kuna malipo kwa kichwa: anaandikisha watu, na kwa kila mmoja hupewa kiasi maalumu kwa mwaka, awe mzima au mgonjwa. Uingereza ilipoanzisha NHS, huduma yake ya afya ya taifa, tarehe 5 Julai 1948, madaktari wa familia walikataa kuajiriwa kwa mshahara wa serikali, wakalipwa kwa vichwa. Njia hiyo humpa daktari sababu ya kuwataka watu wake wabaki wazima. Kasoro yake ni kwamba mzee mwenye kisukari hugharimu zaidi ya kijana mwenye nguvu zake. Ndiyo maana hesabu yao huangalia pia umri, na hata gharama ya kuhudumia vijijini.

Kwetu Somalia, serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, mishahara ya umma ilianguka nayo. Hospitali Kuu ya Kismayu imekuwa ikiegemea Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Vituo vidogo huishi kwa posho za mashirika. Mradi ukiisha na posho imekwisha. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada, vituo vya afya vilifungwa Somalia. Anayebaki ni mwenye duka la dawa, na mgonjwa humlipa dola taslimu au kwa EVC, pesa za simu. Simlaumu. Ila anayekula kwa kuuza dawa hana sababu ya kukwambia, “Nenda ukapumzike, kanywe maji, homa hii itapoa.”

Je, malipo kwa kichwa yangetufaa? Tupige hesabu ya mfano. Tuseme ni dola 10 kwa mtu kwa mwaka. Mtaa wa Kismayu wenye watu 5,000 utaleta dola 50,000. Kijiji cha kisiwani chenye watu 400 kitaleta 4,000, yaani dola 333 kwa mwezi, na humo utoe ujira wa muuguzi, dawa, sola ya jokofu la chanjo na petroli ya boti. Haziwezi kutosha. Watu wakiwa wachache, gharama ya kufungua mlango haipungui.

Ng'ambo ya Ras Kiamboni, kwa Wabajuni wenzetu wa Kiunga na Kizingitini, Kenya ilifuta ada za zahanati na vituo vya afya mwaka 2013. Mwaka 2023 ikatangaza wahudumu wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Fedha hizo si nyingi, lakini zina mwenyewe anayeweza kudaiwa.

Visiwa vyetu vinahitaji mshahara wa kudumu kwanza, usiotegemea idadi ya wagonjwa, kisha nyongeza kwa kila safari ya kumvusha mja mzito au majeruhi. Na kazi hiyo apewe mkunga au muuguzi mzaliwa wa hapo, asiyehitaji mkalimani wa Kibajuni.

Somalia ilitoa mpango wa huduma muhimu za afya mwaka 2009 na kuupitia upya 2020. Unaeleza kila ngazi itoe huduma gani. Lakini huduma huhitaji mtu wa kuitoa. Basi wazee wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, akija mgeni kuwaahidi kituo, kabla ya kumwonyesha kiwanja muulizeni: mradi ukiisha, mshahara wa muuguzi atautoa nani?