Daktari wa Familia katika Mitaa ya Maskini Mjini

Mwaka 1971 Julian Tudor Hart, daktari wa familia katika kijiji cha wachimba makaa huko Wales, aliandika kwamba huduma bora ya tiba huelekea kupungua pale inapohitajika zaidi. Ingawa yeye aliishi kijijini, neno lake layahusu majiji vilevile, ambako hospitali yenye sifa yaweza kusimama karibu kabisa na mtaa usio na daktari. Basi shida si uhaba wa madaktari peke yake. Yatupasa kuuliza pia wanafundishwa wapi.

Wodini mwanafunzi humwona mgonjwa aliyekwisha kutengwa na nyumba yake, kazi yake na jamaa zake. Hujifunza ugonjwa, tena hujifunza vizuri, ila haoni ulikotoka. Mtoto mwenye pumu hupewa dawa, hupata nafuu, kisha hurudi katika chumba chenye ukungu na mende, mambo yale yale yanayomsonga pumzi. Baada ya majuma machache huletwa tena. Daktari asiyejua chumba kile atadhani dawa imeshindwa, au, vibaya zaidi, atamlaumu mama.

Njia nyingine ilijaribiwa mapema Afrika Kusini na Sidney Kark na mkewe Emily, kwanza Pholela mashambani tangu mwaka 1940, halafu katika mitaa ya Durban kama Lamontville. Mwaka 1957 mwanafunzi Mmarekani, Jack Geiger, alikwenda kujifunza huko. Serikali ya ubaguzi haikuitaka kazi ile, na akina Kark wakaihama nchi. Lakini mwaka 1965 Geiger na mwenzake Count Gibson walifungua kituo cha afya Columbia Point, mtaa maskini wa Boston. Kwa hiyo Marekani iliazima kutoka Afrika, jambo ambalo husahauliwa upesi.

Mwaka 1970 hospitali ya Montefiore, huko Bronx katika jiji la New York, ilianzisha mafunzo ya ubingwa katika tiba ya jamii, na madaktari wa familia wakaingizwa baadaye. Kiini chake ni hiki: kwa miaka mitatu daktari mwanafunzi huwa na wagonjwa wake mwenyewe katika kituo cha mtaani. Zamu za wodini zipo, lakini kituo hakiachwi. Mama aliyemwona akiwa mjamzito humletea mtoto kwa chanjo, kisha bibi wa mtoto mwenye kisukari. Hapo ndipo daktari huanza kuelewa kwa nini bibi huyo hamalizi dawa zake.

Hata hivyo miaka mitatu ikiisha, mwanafunzi huhitimu, na wagonjwa waliokwisha kumwamini hukabidhiwa mgeni. Wahitimu wengi Marekani wana madeni makubwa ya masomo, na daktari wa familia hulipwa pungufu kuliko mabingwa wengi. Anayebaki mtaani hubaki akijua hasara yake. Akiondoka, mara nyingi ni mhudumu wa afya mkazi wa pale anayemweleza daktari mpya ni nani anaishi na nani, na nyumba ipi inavuja.